Kutoka Nairobi Hadi Nyumba Yako ya Pwani: Safari, Kufungua Nyumba na Siku za Kwanza

Kila ikikaribia Agosti na Desemba, simu yangu hujaa maswali yale yale. Rafiki amemaliza kujenga Kilifi. Jirani amerithi nyumba ya mamake Watamu. Binamu amenunua nyumba ya makuti Msambweni na hajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Wote wanauliza: tuondoke saa ngapi? Tubebe nini? Mbona nyumba inanuka? Mbona chai ina chumvi? Nimeona niyaandike majibu mara moja. Mimi naishi Nairobi, na nyumba yetu ya pili iko upande wa Mnarani, Kilifi. Mifano mingi itatoka huko, lakini mwenye nyumba Malindi au Diani pia atapata la kumfaa.

Kabla ya yote, shika hili: nyumba ya Pwani si chumba cha hoteli. Ikifungwa miezi mitatu kando ya bahari, chumvi, unyevu na mchwa huwa wamekaa humo kwa niaba yako. Inahitaji saa kadhaa za mchana ndipo ikubali watu. Kwa hiyo mpango wote hapa chini una shabaha moja, nayo ni kufika kabla ya saa kumi jioni.

Sisi safari ya kwanza tulifika saa nne usiku. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha. Bomba lilikohoa, likatema maji mekundu ya kutu, likanyamaza. Nilipogeuza godoro kwa mwanga wa simu, upande wa chini ulikuwa na ukungu wa kijani mpana kama sinia. Tulilala ndani ya gari, vioo vimeteremshwa kidogo tupate hewa, na mbu wakatula hadi alfajiri. Usiku huo ulikuja kutudai baadaye, nitaeleza mwishoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa gari:
- Spea yenye upepo, jeki, na spana inayoingia kwenye nati za tairi zako. Ijaribu nyumbani.
- Laifseva mbili (zile pembetatu za onyo), kizimamoto kidogo na sanduku la huduma ya kwanza.
- Lita 5 za maji safi ya rejeta. Maji ya kisima cha Pwani usiyatie kwenye rejeta kamwe, chumvi yake inakula chuma.

Kwa nyumba:
- Tokeni za stima ulizonunua ukiwa bado Nairobi, namba zote zimeandikwa kwenye karatasi.
- Maji ya kunywa lita 20 ya usiku wa kwanza.
- Shuka, taulo na vyandarua vyenye dawa, ndani ya ndoo yenye kifuniko kinachokaza.
- Siki lita moja, brashi ya waya, mafuta ya mashine, mkaa kidogo, balbu mbili, tepu nyeupe ya fundi wa mabomba, na tochi ya kichwani.

Kwa watu: zungumza na daktari au mfamasia kuhusu dawa za kukinga malaria angalau wiki moja kabla. Dawa hizo huanza kumezwa kabla ya safari na huendelea kumezwa baada ya kurudi, kwa hiyo si jambo la kukumbukia Mtito Andei. Mtoto aliyelelewa Nairobi hana kinga ya kutegemea dhidi ya malaria, hata kama babu yake alizaliwa Kaloleni.

Hatua

1. Piga simu kwa mlinzi wa nyumba wiki mbili kabla. Usimtumie ujumbe wa "tunakuja Ijumaa" ukadhani umemaliza. Mpigie, msalimie, uliza hali ya nyumbani kwake, uliza mvua, halafu ndipo uulize nyumba. Sisi watu wa Nairobi tunakimbilia shida yetu moja kwa moja, na Pwani hilo linasikika kama amri. Mzee anayetuangalizia nyumba, Mgiriama wa makamo, alinijibu "haina neno, mama" kwa mwaka mzima, hata paa lilipokuwa linavuja. Siku nilipokaa naye kwenye simu robo saa nikimuuliza habari za mahindi yake, yeye mwenyewe akaniambia: "Mama, kule chumba cha nyuma mvua yaingia." Nyumba ilikuwa na neno kitambo. Mimi ndiye sikuwa nimempa nafasi ya kulisema.

Mwombe afungue madirisha siku tatu kabla mfike, aanike magodoro, na aangalie kama maji yapo tangini. Mtumie nauli ya boda na pesa ya vifaa siku hiyo hiyo.

2. Peleka gari kwa fundi wiki moja kabla, si jana yake. Kifaa kipya kikiwa na kasoro, kikufie Lang'ata na si Maungu. Akague breki, mkanda wa feni, rejeta na mipira yake, betri na vipangusa kioo. Tairi ikague mwenyewe: ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha ilitengenezwa lini. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira umezeeka, na joto la Voi ndilo litakalokuonyesha.

3. Pakia vizito chini, vya haraka juu. Chandarua, tochi, tokeni na chakula cha jioni viwe karibu na mlango. Mtungi wa gesi usiusafirishe ndani ya gari lililojaa watu kwenye joto lile. Gesi inauzwa Pwani.

Acha nafasi ya zawadi. Mtu wa Bara akienda Pwani na viazi, maharagwe au maparachichi anapokewa kwa furaha kuliko aliyekuja na keki ya duka.

4. Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Hapo utapita Mlolongo na Athi River kabla malori na matatu hazijafunga njia. Ukitoka Westlands au Kangemi, barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, inakushusha Mlolongo bila kusimama. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita karibu 480. Kwa mwendo wa heshima utakuwa Mtito Andei, karibu nusu ya njia, mnamo saa tatu asubuhi, Voi saa nne na nusu au saa tano, na Mariakani saa saba au saa nane.

*Kosa la kawaida:* kusafiri usiku "kukwepa joto". Barabara hii usiku ni ya matrela na mabasi. Kuna lori lililoharibika limeachwa barabarani bila taa, na alama yake pekee ni matawi yaliyotupwa lami. Nimepita ajali za namna hiyo alfajiri, na sitaki uwe mmoja wao.

5. Jifunze kupita malori. Hii ndiyo kazi kubwa ya siku nzima, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ina leni moja kila upande. Dereva wa lori lililo mbele yako mara nyingi atakuashiria: taa ya kulia inamaanisha usitoke, kuna gari linakuja, ya kushoto inamaanisha njia i wazi. Mshukuru, lakini usiamini mpaka uone mwenyewe. Huenda anakata kona kweli. Kaa nyuma yake mbali kiasi kwamba unaona ubavu wa lori na si mlango wa nyuma tu. Usilipite lori la pili kwa sababu la kwanza limepitika. Na ukiona basi linakuja kwa kasi kwenye leni yako likiwasha taa kubwa, nenda pembeni mapema. Haki yako ya njia haitakusaidia hapo.

Kwenye miji midogo kama Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, shuka hadi 50. Kuna matuta, kuna watoto wanaovuka, na kuna polisi wenye kamera za mwendo.

6. Pumzika kila saa mbili. Makindu pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakula dengu na chapati kwa utulivu, na ukipenda unaacha sadaka. Hakuna mapumziko mengine njia nzima ninayoyapenda kama hayo. Ukiwa hapo karibu, nunua machungwa au maembe ya Makueni kama ni msimu.

Jaza mafuta Mtito Andei. Kutoka hapo hadi Voi ni karibu kilomita 100 katikati ya mbuga ya Tsavo, na vituo ni vichache. Ndovu huvuka barabara, na nyani hukaa pembeni wakisubiri ndizi. Usiwape kitu na usifungue dirisha. Usisimame porini kwa haja ndogo, subiri kituo.

7. Mariakani, chagua njia yako. Anayekwenda Kilifi, Watamu au Malindi akate kushoto Mariakani, apite Kaloleni hadi Mavueni, kisha ashike kushoto tena kuelekea daraja la Kilifi. Ni lami, ina kona na vilima vya minazi, na inakuepusha na foleni zote za Miritini, Nyali na Mtwapa. Wageni wengi hawaijui, wanaingia Mombasa saa nane na kutoka saa kumi na mbili. Anayekwenda Diani siku hizi atumie barabara ya Dongo Kundu, hana haja ya kupanga foleni ya feri ya Likoni.

8. Ukifika, anza na stima. Kabla hujagusa swichi kubwa, fungua kisanduku cha fyuzi na umulike ndani. Sisimizi na mijusi hupenda humo. Ukiona kiota, au waya uliogugunwa na panya, ita fundi, usichokonoe. Pakiwa safi, ingiza tokeni, washa swichi kubwa, kisha taa za chumba kimoja kimoja. Friji iwe ya mwisho, na iwe na kifaa cha kuikinga na stima inayopanda na kushuka.

Kama una shawa ya umeme, iangalie kwa makini. Kuna zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya chumvi, na nyumba yenye maji ya kisima iwe na hiyo tu, tena fundi awe ameunga waya wa ardhini. Ya kawaida huliwa na chumvi na kuanza kukurusha ukiwa umelowa. Ya kwetu niliing'oa. Kwa joto la Kilifi, maji ya bomba yanatosha.

9. Kisha maji. Panda uangalie tangi. Likiwa na majani au mjusi aliyekufa, limwagwe na kusuguliwa kabla ya matumizi. Pampu isiwashwe kama hujahakikisha kisima kina maji, maana ikizunguka kavu itaungua. Fungua bomba za nje kwanza, acha kutu itoke, ndipo ufungue za ndani.

Maji ya visima vingi vya karibu na ufuo yana chumvi. Kuchemsha kunaua vijidudu ila hakuondoi chumvi, kwa hiyo chai itabaki vile vile. Ya kunywa na ya kupikia nunua, au yavune kutoka paa la mabati wakati wa masika kwenye tangi la peke yake.

10. Hewa na vitanda. Fungua kila dirisha, kila kabati, kila droo. Magodoro yasimamishwe juani kuanzia saa nne hadi saa tisa. Ndiyo maana nilimwomba mlinzi aanze siku tatu kabla. Ukungu wa ukutani upanguse kwa siki kabla ya kupiga deki. Weka vipande vya mkaa kwenye kabati za nguo, vinanyonya unyevu.

Jua pia upepo wa msimu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ni wa joto na bahari hutulia. Kusi, kuanzia Aprili hivi, huja kwa nguvu kutoka kusini, pamoja na mvua ya masika na ukungu wa chumvi unaonata kwenye vioo na bawaba. Kitanda cha mtoto kikae chumba kinachopata upepo, maana mbu hapendi upepo. Chandarua kifungwe kabla ya magharibi, si wakati wa kulala.

11. Kagua paa na wageni wengine. Tikisa viatu, kunja mazulia, mulika nyuma ya masanduku. Nge na tandu wanapenda mahali palipotulia. Mistari ya udongo inayopanda ukutani ni njia za mchwa. Zifuate mpaka kwenye boriti ujue wamefika wapi. Chini ya makuti, hakuna jiko la mkaa, hakuna fataki, hakuna mshumaa ulioachwa peke yake. Makuti yakishika moto hayakupi muda wa kutafuta ndoo.

Na gari usiliegeshe chini ya mnazi. Nazi moja inatosha kioo cha mbele.

12. Kesho yake asubuhi, toka ukasalimie. Nenda kwa majirani wa pande zote, kisha kwa mzee wa mtaa. Piga hodi ukiwa nje, subiri "karibu", mpe mkubwa shikamoo yake. Jieleze wewe ni nani na nyumba yako ni ipi, ingawa watakuwa wanajua kukuzidi. Usiseme "leta" wala "nipatie", sema "naomba". Vaa kiheshima ukipita kijijini. Vazi la kuogelea ni la ufuoni. Wiki ile ukuta wetu wa nyuma ulipobomoka na mvua, jirani niliyempelekea maparachichi ndiye aliyeuziba kwa mabati yake mwenyewe kabla hajanipigia simu.

Uliza pia habari za bahari. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa mbali sana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Mvuvi yeyote atakuambia saa za leo, na pahali ambapo mkondo unavuta. Watoto wasiingie majini kabla hujauliza.

13. Kufunga nyumba, siku ya kurudi. Friji isafishwe, ichomolewe, mlango uachwe wazi kidogo. Zima swichi kubwa, funga bomba kuu. Bawaba na vitasa vipakwe mafuta. Magodoro yasimame, yasilale sakafuni. Chakula chote kitoke, hata chumvi na majani chai, la sivyo panya watakaa likizo yako ijayo.

Na mpangeni kazi na mlinzi kwa maandishi: kufungua madirisha mara mbili kwa wiki, kufungulia maji mara moja, kutuma picha kila mwisho wa mwezi. Mshahara wake utoke tarehe ile ile kila mwezi uwe umekwenda au hujakwenda, na michango yake ya uzeeni (NSSF) na ya bima ya afya (SHA) ilipwe. Yeye ndiye anayeishi na nyumba yako siku nyingi za mwaka. Usimkate pesa eti "hakukuwa na kazi".

Mambo yakiharibika

*Mita inakataa tokeni.* Hili limewasumbua wengi wenye nyumba za kufungwa. Mita zote za tokeni zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Kama ya kwako ilikuwa gizani wakati huo, tokeni mpya zitakataliwa hadi uingize namba za kusasisha. Hizo ni seti mbili za tarakimu 20 unazotumiwa pamoja na ununuzi: ingiza ya kwanza, ya pili, ndipo uingize ya tatu ambayo ndiyo stima yenyewe. Watu wanaingiza ile ya mwisho tu na kudhani mita imekufa.

*Shawa inatoa maji kwa matone.* Matundu yameziba kwa chokaa na chumvi. Ifungue, iloweke kwenye siki usiku kucha, isugue kwa brashi.

*Sabuni haitoi povu.* Ni maji ya kisima. Osha kwa ya kisima, suuza kwa ya mvua au ya kununua.

*Sindano ya joto la gari inapanda baada ya Kibwezi.* Zima kiyoyozi, washa hita, toka barabarani pole pole, zima injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Subiri angalau nusu saa.

*Tumechelewa, saa kumi na moja jioni na bado tuko Voi.* Laleni Voi. Kuna nyumba za wageni za kila bei. Nyumba yako haitakimbia.

*Mtoto ana homa baada ya kurudi Nairobi.* Hapa ndipo usiku ule wa ndani ya gari ulipotudai. Siku kumi na moja baadaye binti yetu aliamka na homa na kuumwa kichwa. Kliniki ya kwanza ilimpa dawa ya mafua. Hakuna aliyetuuliza tulikotoka, na mimi sikusema. Siku ya tatu alikuwa anatapika, hawezi kusimama, na hospitali ya pili ikampima damu: malaria. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tulikuwa tumepoteza siku mbili ambazo mtoto hana za kupoteza.

Malaria kwa kawaida hujitokeza kuanzia siku ya saba baada ya kuumwa na mbu, na inaweza kuchelewa wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa miezi mitatu baada ya kurudi, homa yoyote ni ya kupimwa damu siku hiyo hiyo, hata kama mlimeza dawa za kinga, hata kama shuleni kuna mafua. Sentensi ya kwanza unayomwambia daktari iwe kwamba mtoto alilala Pwani, na tarehe mliyorudi.